Kibanio Kitupu

Kuna metali moja ambayo hapa Nairobi huvutwa na sumaku asubuhi na kuikataa mchana. Inaitwa gadolini. Nikisema hivi watu hunitazama wakidhani uzee umenianza vibaya, lakini nyinyi vijana mnaofanya kazi maabara mnaweza kujaribu wenyewe. Ichukueni mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha mabati. Itarukia sumaku kama msumari. Iacheni dirishani mpaka saa nane mchana na itaanguka mezani kama kipande cha risasi. Ikishapita nyuzi ishirini hivi za joto, usumaku wake umekwisha, mpaka ipoe tena.

Mtunza stoo wetu hakuyajua hayo. Alikipokea kipande cha kwanza asubuhi, akakijaribu kwa sumaku, akaandika kwenye kitabu chake kwamba ni chuma. Mchana akakijaribu tena mbele yangu, kikakataa. Akanivulia miwani. "Wekesa, kile cha asubuhi umepeleka wapi?" Nilieleza mpaka koo likakauka, hakusadiki. Siku mbili nzima nilitembea nikijiona niko selo, hadi asubuhi moja ya baridi nilipompelekea kile kipande mezani kwake na kikashika. Akasema tu, "Aha," akarudi kwenye chai yake. Mimi nilikuwa nimepungua kilo.

Nimeanza na hilo mjue mnaongea na mtu wa aina gani. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mke wangu Nafula husema hata nikipewa habari njema nauliza imetoka wapi. Katika kazi yetu wasiwasi ni chombo kizuri, na siku niliyokiweka chini ndiyo siku ninayotaka kuwaeleza. Nimeombwa niwaandikie kuhusu ufundi, mbinu za zamani na mengineyo, na nitayagusa hapa na pale. Lakini hilo moja limenikaa kifuani miaka mingi na sasa nataka litoke.

Nilikuwa fundi wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja hapa mjini, ambacho sitakitaja. Tuliishi Jericho, vyumba viwili, mimi na Nafula na watoto wanne, wa kwanza akiitwa Nekesa. Mtaani hakuna aliyejua hasa nafanya nini. Wengine walidhani natengeneza redio, na kila Jumamosi kulikuwa na mtu mlangoni amebeba moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kupaka gadolini kwenye kioo. Unaweka kipande kidogo ndani ya chungu kikubwa cha kioo, unanyonya hewa yote kwa pampu, halafu unakichoma kwa umeme mpaka kinageuka mvuke na kutua juu ya kioo, kama mvuke wa chai unavyotua kwenye kifuniko cha sufuria. Unapata utando mwembamba kiasi kwamba ngozi ya kitunguu kando yake ni blanketi. Ukitaka unapaka juu yake metali nyingine, itriamu, ambayo ni ndugu ya gadolini lakini haina sumaku, halafu gadolini tena, halafu itriamu, tabaka juu ya tabaka. Swali lilikuwa hili: ukiifanya gadolini nyembamba namna hiyo, na kuitenganisha na wenzake kwa itriamu, usumaku wake utakufa kwenye joto lilelile au mapema zaidi? Miaka hiyo ya themanini watu wa ng'ambo walikuwa wanakimbizana na swali hilo kwa mashine za ajabu. Sisi tulikuwa na pampu moja inayovuja mafuta na ndoo chini yake.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shikuku, fundi mkuu wa wakati huo, mtu mfupi mwenye koti la kijivu na pua iliyomfanya aogopwe. Ulikuwa ukiingia asubuhi anakunusa mikono. Siku moja nilikuwa nimekula hindi choma nje ya lango, nikanawa haraka haraka, nikashika kioo ukingoni tu, kwa ncha za vidole. Baada ya kupaka, utando ukabanduka mahali pamoja, na pale ulipobanduka palikuwa na alama ya kidole gumba, kila mstari unaonekana. Mzee akakiinua kioo kwenye mwanga, akakigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wekesa, hii ni kitambulisho yako?" Tangu siku hiyo nanawa mikono mara tatu, na hata sasa nilivyostaafu bado nanawa mara tatu, hadi wajukuu wananicheka.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. "Kabla hujapima kitu," alikuwa akisema, "pima pasipo kitu." Maana yake ni hii. Utando wetu tuliupima kwenye mizani ya sumaku. Unakibana kioo chake kwenye kibanio kidogo, kibanio kinaning'inia kwa uzi katikati ya sumaku kubwa ya umeme, na sindano inakuonyesha kinavutwa kiasi gani. Lakini sindano haijui kutofautisha utando na kibanio. Inavisoma vyote pamoja. Kwa hiyo kwanza unaning'iniza kibanio kitupu, unakipima kuanzia baridi kali mpaka maji yanayochemka, unaandika. Halafu unapima tena kukiwa na utando. Unatoa, na kinachobaki ndicho cha utando. Siku hizi mashine zenu zinatoa zenyewe, nanyi mnatazama picha iliyokwisha kuiva. Sisemi ni vibaya. Nasema tu mjue kuna kitupu mahali fulani ndani yake, na kuna mtu aliyekipima.

Baridi kali nayo ilikuwa na kisa chake. Tulihitaji nitrojeni ya majimaji, na mjini haikuwa rahisi kuipata. Waliokuwa nayo kila wiki ni watu wa kupandikiza ng'ombe mimba, maana mbegu za fahali huhifadhiwa humo. Basi nilikuwa naenda na mtungi wetu na barua ya chuo, napanga foleni na wakulima. Mkulima mmoja wa Githunguri alinihesabu mtu wa maana sana, akaniuliza ng'ombe wangu ni wangapi na nimechagua fahali gani. Nikamwambia nina kioo. Alihama akaenda kusimama kwingine. Tatizo la nitrojeni hiyo ni kwamba haikungoji. Inachemka yenyewe mchana kutwa ndani ya mtungi, na mtungi wetu ulikuwa mzee. Ukiichukua Jumatatu, Jumatano umebakiwa na ukungu. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mtafiti niliyekuwa nikimfanyia kazi wakati huo alikuwa msichana wa mtaa wa Bahati, Wambui. Mama yake aliuza viazi na mboga katika soko la Jericho, hatua chache kutoka kwetu. Wambui alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari, na mimi nilimwita Daktari tangu siku ya kwanza. Alikuwa akikataa. "Bado, Baba Nekesa. Usiniletee mkosi." Alikuwa mkali wa hesabu na mpole wa maneno, na aliogopa mambo karibu kama mimi, kwa hiyo tuliivana. Profesa aliyemsimamia alikuwa amerudi kwao ng'ambo, akaacha ahadi kwamba Wambui akipata jambo jipya la kuchapisha, atamtafutia nafasi huko. Bila jambo jipya, alikuwa na tasnifu ambayo hakuna mtu angeisoma na muda wa ufadhili unaokwisha.

Basi kibanio kikavunjika. Nilikuwa nakisafisha, kikaniponyoka, taya moja ikakatika. Kilikuwa cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kimekuja na mizani kutoka kiwandani, na kuagiza kingine ingekuwa miezi. Nikaenda Shauri Moyo kwa mfua vyuma, Fundi Njoroge, ambaye nilimjua kwa sababu alishawahi kunitengenezea bawaba na jiko, na mkono wake ulikuwa safi. Alikuwa na sinia kuukuu la stenlesi. Nilienda na sumaku yangu mfukoni, mimi mtu wa wasiwasi, nikaigusisha kwenye sinia mbele, nyuma, pembeni. Haikushika hata kidogo. Stenlesi nzuri. Nikamwachia kibanio kilichovunjika awe anakitazama, akakata, akakunja, akagonga kwa nyundo juu ya kipande cha reli, na kesho yake akanipa kibanio ambacho huwezi kukitofautisha na kile cha kiwandani. Nilikipima uzito, kikalingana.

Ilikuwa Jumanne. Nitrojeni niliichukua Jumatatu. Wambui alikuwa ameniachia utando wake mpya, matabaka ya gadolini na itriamu, kazi ya wiki tatu, na gadolini ikikaa hewani huwa inachakaa. Nilikuwa na nitrojeni ya kupima mara moja, si mara mbili. Nikasimama pale na mtungi ukinifukizia moshi. Nikajiambia, kibanio ni umbo lilelile, uzito uleule, stenlesi ileile. Nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, nikanakili namba za kibanio cha zamani chini ya tarehe ya siku ile, nikaandika: kibanio kitupu, kimepimwa. Halafu nikatia sahihi yangu.

Nimekaa na sentensi hiyo ya maneno matatu zaidi ya miaka thelathini. Haikunichukua hata dakika.

Nikapima utando. Kwenye baridi ulivutwa, kama ilivyotarajiwa. Nikapasha. Nyuzi kumi, ishirini. Hapo ulitakiwa uanze kufa, kama si kufa kabla. Ulipungua, lakini haukufa. Thelathini bado unavutwa. Arobaini. Hamsini. Nikampigia Wambui simu ofisini, akaja mbio, akasimama nyuma yangu akishika kiti changu. Kwenye maji yanayochemka sindano ilikuwa bado imejitenga na sifuri.

"Haiwezekani," akasema. Halafu, "Umepima kibanio kikiwa kitupu?"

"Nimepima. Iko kwenye daftari."

Siku iliyofuata akaniuliza tena. "Baba Nekesa, hiki kibanio kipya. Una uhakika ulikipima?" Nikasema ndiyo. Alipomaliza hesabu zake, siku ya Alhamisi, akaniuliza mara ya tatu, tena kwa aibu, kama mtu anayejua anamkera mwenzake. Nami, Mungu anisamehe, nilijifanya nimekasirika kidogo. "Daktari, kwani huamini daftari?" Akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi.

Ijumaa mchana alinipa bahasha. Ilikuwa makala fupi kwa jarida la ng'ambo, na nakala ya profesa ndani yake. Alikuwa ameichapa mwenyewe usiku kucha. Alisema humo kwamba utando wa gadolini uliopangwa kwa matabaka unabaki na sumaku kwenye joto ambalo gadolini ya kawaida haijawahi kuwa nayo. Kama ni kweli, ni jambo la kushangaza dunia nzima, na limetoka kwenye pampu yenye ndoo. "Wewe unapita Posta," akaniambia. "Iweke kwa mkono wako. Umekuwa na mkono wa bahati." Alikuwa anacheka na macho yamejaa machozi.

Posta palikuwa na foleni mpaka barabarani. Nikaamua nitaituma kesho asubuhi, nikaiweka ndani ya koti, nikapitia Shauri Moyo kumwambia Njoroge anitengenezee kibanio cha akiba, maana nilikuwa nimejifunza kutotegemea kimoja. Nilimkuta akichambua mabaki ya vyuma kwa sumaku ya spika mbovu aliyoifunga kwenye kamba. Kinachoshika upande huu, kisichoshika upande ule.

"Sasa, buda! Ile kitu ilifanya kazi?"

"Ilifanya vizuri sana. Nataka ingine kama hiyo."

"Wacha nione kama kuna kipande imebaki." Akapekua chini ya meza, akatoa ukingo wa lile sinia, na kando yake taya moja aliyokuwa ameigonga siku ile ikaharibika akaitupa. Sumaku yake ilikuwa inabembea mkononi. Ikaupita ukingo wa sinia, haikujali. Ikaipita ile taya, ikaiokota.

Nilidhani macho yananidanganya. "Njoroge, hiyo taya ni chuma gani?"

"Ni hiyo hiyo sinia."

"Mbona imeshika?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Kwani hujui hiyo? Stenlesi ukiitwanga ikiwa baridi inaanza kushika sumaku. Ukiigonga kidogo inashika kidogo, ukiigonga sana inashika sana. Ukitaka iache, itie moto mpaka iwe nyekundu, halafu uiweke maji. Kila mtu hapa anajua." "Si ungeniuliza? Mimi nilijua wewe ndio msomi."

Nikakaa juu ya mtungi wake wa gesi, naye akaniambia nitoke hapo kabla sijatuua sote. Kibanio kile kilikuwa kimegongwa kwa nyundo juu ya reli kutoka upande hadi upande. Na sumaku ya chuma kilichogongwa haijali nyuzi ishirini wala maji yanayochemka.

Jumamosi asubuhi nilienda maabara peke yangu na barafu tu, maana nitrojeni ilikuwa imekwisha tangu Jumatano. Nilining'iniza kibanio kitupu. Nilikuwa nikiomba, kusema kweli nilikuwa nikiomba kwa sauti, kwamba sindano isisogee. Ikasogea. Nikapasha mpaka maji yakachemka, ikabaki pale pale. Nikachukua namba za Wambui, nikatoa namba hizi mpya, na ule ugunduzi wote ukaisha kwenye kona ya karatasi, kwa penseli. Kilichobaki ni utando dhaifu uliokufa mapema, kama kila mtu alivyokuwa akitegemea.

Barua ilikuwa bado ndani ya koti. Ningeituma, makala ingetoka, na siku moja mtu wa ng'ambo mwenye kibanio kizuri angejaribu na kukosa, na jina la Wambui lingekuwa jina la mtu aliyepima sinia akaliita ugunduzi. Na yeye angekuwa amepoteza kila kitu bila kujua kwa nini. Nisipoituma, ni lazima niseme. Nikisema, nimesema kwamba niliandika uongo kwenye daftari la chuo na kutia sahihi, na fundi anayeandika uongo kwenye daftari hana kazi. Nina watoto wanne. Nilizunguka na mawazo hayo kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Nilifikiri kuichana barua na kusema imepotea. Nilifikiri kukitia kibanio moto kimyakimya, kupima upya, na kumwambia kwamba hali ya hewa ilibadilika. Ndiyo, nilifikiri hata hayo, na niliyafikiri kwa muda mrefu.

Jumapili tukitoka kanisani tulipita sokoni, na mama yake Wambui akaniita kutoka kwenye kibanda chake. Alikuwa amenifungia viazi kwenye mfuko, vikubwa, vilivyochaguliwa. "Baba Nekesa, chukua hii. Huyu mtoto ameniambia yote. Ameniambia barua imeenda. Hangefika mahali amefika kama si wewe." Watu walikuwa wanasikiliza. Nikachukua viazi. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule mfuko, na haukuwa na zaidi ya kilo nne.

Nyumbani Nafula aliniwekea chakula nisile. "Tangu juzi unagusa hiyo koti kila saa. Kuna nini ndani? Barua ya mwanamke?"

"Ni ya mwanamke," nikasema, na nikaona uso wake, nikamweleza haraka mambo yote, kibanio, daftari, mara tatu alizoniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kijiko.

"Na huyo msichana anajua?"

"Bado."

"Sasa mbona unaniambia mimi?"

Aliondoa sahani, akaenda kuosha vyombo. Nami nilikaa pale nikiwa nimekasirika naye, kwa sababu nilitaka aniogopee kazi yangu, anipe ruhusa.

Jumatatu Wambui aliingia na mandazi ya kusherehekea. "Ilienda?" akaniuliza.

"Haikwenda." Nikaitoa bahasha, nikaiweka mezani, nikaweka na daftari limefunguliwa, na kile kikaratasi cha Jumamosi. Sikujua nianze wapi, nikaanza na ubaya wenyewe. "Sikupima kibanio. Nilinakili namba za zamani. Uliponiuliza nilikudanganya. Nimekipima juzi, kinavutwa. Joto lote kinavutwa."

Hakukaa. Alisoma kikaratasi akiwa amesimama. Akachukua penseli, akatoa mwenyewe, polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta mahali nilipokosea kutoa. Sikuwa nimekosea.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Mara tatu, Baba Nekesa. Na mimi nikakuomba radhi."

"Ndiyo, Daktari."

"Usiniite hivyo." Akaweka penseli chini. "Toka nje kwanza. Sitaki kulia mbele yako."

Nilisimama kwenye korido nikitazama tangazo la mchezo wa vikapu lililopitwa na wakati. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini nilishangaa kuona si ile ya siku tatu. Ile ilikuwa imenikaba. Hii ilikuwa inauma tu. Baada ya muda alifungua mlango, macho mekundu, akasema tutaenda kwa mkuu wa idara. Kule akaanza, "Tumekosea kipimo," nami nikamkata, nikasema aliyeandika uongo ni mimi. Mkuu alitaka kunifukuza siku ileile. Wambui ndiye aliyemzuia. Nilidhani ananihurumia, mpaka nikamsikia akimwambia kwamba hakuna mwingine anayeijua ile pampu, na akipewa fundi mpya tasnifu haitaisha. Nikapewa barua ya onyo. Niliisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma Biblia mwaka ule.

Nafasi ya ng'ambo ikaenda kwa mtu mwingine. Mama yake hakunisemesha kwa muda mrefu, na viazi nilinunua kwingine.

Kibanio nilikipeleka kwa Njoroge, akakitia moto kikawa chekundu, akakizamisha, akanirudishia. Nikakipima kitupu. Sindano haikutikisika. Nikakipima tena.

Tukaanza upya tando zote, moja moja. Kukawa na kanuni mpya ambayo hakuna aliyeiandika. Kila nilipopima kibanio kitupu, Wambui aliacha kazi yake, akaja, akainama kwenye sindano, akasoma mwenyewe, akatia sahihi kando ya yangu. Hakunitukana hata siku moja. Alinisalimia, alinitania, alinipa pole mama yangu alipofariki, na akaacha kukasirika nikimwita Daktari. Lakini akaja kila mara kusoma sindano. Miaka miwili. Nisingekuwa mkweli nikisema haikuniuma. Kila mara nikisikia viatu vyake kwenye korido, nilirudia kusoma sindano, hata siku ambazo nilijua namba yangu ni safi kama maji ya kisima.

Alipata jawabu lake. Matabaka yakiwa membamba sana, usumaku unakufa mapema, wakati mwingine kwenye baridi ambayo Nairobi haiijui. Si jambo la kutikisa dunia, ila lilikuwa la kweli, na lilichapishwa kwenye jarida dogo.

Utando wa mwisho wa tasnifu ulikuwa mwezi wa nane, kulikuwa na baridi na mawingu. Nikaning'iniza kibanio kitupu, nikapima mpaka mwisho, nikaandika namba, nikatia sahihi. Wambui aliingia na karatasi mkononi, akiongea kuhusu mtu wa kufunga tasnifu jalada. Akachukua kalamu yangu, akainama kwenye daftari, akatia sahihi kando ya jina langu, akaendelea kuongea, akageuka kwenda mlangoni. Hakuwa ameitazama sindano.

Nilikuwa nimengoja kitu hicho miaka miwili. Nilimwacha afike mlangoni.

"Daktari," nikamwita. "Rudi uangalie."

Akasimama. Sijui kama alikuwa amejua alichofanya. Akaniangalia, halafu akarudi, akaweka karatasi zake chini, akainama kwenye sindano, akaisoma, akaitazama namba yangu, akaisoma tena.

"Ni sawa," akasema.

"Asante," nikamwambia, nikafungua kibanio tuweke utando.